Kihesabu hatua kwa mgonjwa wa mapafu: jinsi ya kukipima kabla ya kukiamini

Saa ya mkononi ikiandika hatua 1,900 kwa mgonjwa wa COPD, yaani ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa, namba hiyo ina tafsiri tatu. Huenda ametembea hatua 1,900 kweli. Huenda ametembea 3,000, na saa ikazikosa 1,100 kwa sababu mwendo wake ni wa taratibu. Au ametembea 1,200 tu, na zile 700 ni za kufua nguo na kukuna nazi. Ukiitazama namba peke yake hujui ni ipi kati ya hizo, na programu ya simu haitakuambia.

Mwongozo huu ni wa wataalamu wa fiziotherapia, wauguzi wa kliniki za kifua, na ndugu wanaomuuguza mtu nyumbani. Tunazungumzia COPD kwanza, lakini yaliyomo yanawafaa pia waliobakiwa na makovu ya mapafu baada ya TB, wenye bronkiektasia (njia za hewa zilizopanuka na kuharibika) na wenye pumu ya miaka mingi. Wanachofanana ni mwendo: hatua fupi, taratibu, kusimama mara kwa mara kuvuta pumzi, na mkono ambao mara nyingi umeshika kitu. Vihesabu hatua vingi vimetengenezwa kwa mtu mzima anayetembea kwa kasi akibembeza mikono. Hata ile hatua 10,000 inayotajwa kila mahali ilianza Japani mwaka 1965 kama jina la kifaa kilichouzwa madukani, manpo-kei, yaani "kipima hatua elfu kumi". Haikuanzia kwa daktari wa mapafu.

Kinakosea wapi, na kwa nini

Ndani ya vifaa vya sasa mna kipima mchapuko, kidude cha milimita chache kinachopima mtikisiko katika pande tatu, makumi ya mara kwa kila sekunde. Programu yake hutafuta mawimbi yanayojirudia kwa mpangilio wa mwendo wa binadamu, na wimbi lisipofika kimo kilichowekwa halihesabiwi. Vile vya zamani vyenye springi na kijiti ndani hufanya kazi hiyo hiyo kwa namna nyingine: kijiti hushuka pale tu nyonga inapotikiswa vya kutosha. Kwenye Yamax, kilichotumika sana katika tafiti, mtikisiko unaohitajika ni takriban theluthi moja ya nguvu ya mvutano wa dunia.

Mtu anayetembea kilomita 4 au 5 kwa saa hupiga kisigino chini na kiwiliwili chake hupanda na kushuka. Anayetembea kilomita 2 kwa saa huteleza tu. Nyonga haipandi, kisigino hakigongi, na wimbi linabaki chini ya kimo. Chini ya kilomita 3 kwa saa, vifaa vingi vya kiunoni huanza kuacha hatua, na vya springi ndivyo vinavyoacha nyingi zaidi.

Kuna na jambo la pili ambalo wengi hawalijui: kifaa husubiri. Ili kisihesabu kila mtikisiko wa bahati mbaya, kinataka kuona hatua kadhaa zinazofuatana ndipo kikubali kwamba huku ni kutembea. Baadhi ya vifaa vya Omron hutaka mwendo wa takriban sekunde 4 mfululizo. Kwa anayekwenda sokoni dakika 20, sekunde hizo si kitu. Lakini siku ya mgonjwa wa mapafu imejengwa kwa safari fupi fupi: hatua sita kutoka kitandani hadi kiti, tano hadi mlangoni, asimame, nne tena. Safari hizo zaweza kupotea zote.

Tatu ni mkono. Saa ya mkononi husoma mbembeo wa mkono, haisomi miguu. Mkono ukishika fimbo, kigari cha kutembelea, ukuta, ndoo, mtungi wa oksijeni, au ukiwekwa kiunoni kusaidia kupumua, mbembeo haupo na hatua hazipo.

Makosa ya upande wa pili, yaani kuongeza hatua ambazo hazikupigwa, hutoka kwenye kazi za mkono zenye mdundo: kukuna nazi, kusonga ugali, kufua, kutwanga, kupepeta mchele. Safari ya bodaboda kwenye barabara ya mashimo nayo huongeza. Kwetu hili si la kupuuza. Utafiti wa Masindi, Uganda, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta COPD kwa 16.2% ya watu waliopimwa wenye umri wa zaidi ya miaka 30, katika eneo ambalo karibu kila nyumba hupika kwa kuni au mkaa. Maana yake wagonjwa wengi tunaowavisha saa ni wapishi. Mkono unaovaa saa ndio unaosonga ugali.

Kosa lisilotulia

Kama kifaa kingekosa 20% ya hatua siku zote, ungezidisha namba na mambo yangeisha. Shida ni kwamba kosa hufuata kasi. Mgonjwa akizidiwa, mwendo hupungua na kifaa huacha hatua nyingi zaidi, hivyo kudhoofika kwake huonekana kukubwa kuliko kulivyo. Akipata nafuu, mwendo huongezeka na kifaa huanza kuona hatua ambazo zamani hakikuziona.

Chukua mfano. Kabla ya mazoezi ya mapafu mama anapiga hatua 3,000 kwa siku, na kifaa kinakamata 70%, yaani 2,100. Baada ya wiki nane anapiga 3,200, lakini sasa anatembea kwa kasi kidogo na kifaa kinakamata 90%, yaani 2,880. Skrini inasema ameongeza hatua 780. Kweli ameongeza 200. Kwa wagonjwa wa COPD ongezeko linalohesabiwa kuwa na maana kwa afya ni kati ya hatua 600 na 1,100 kwa siku. Kwa hiyo kliniki itaandika "amefaulu" kwa sababu ya kasoro ya kifaa. Ni kweli kwamba kasi yake imeongezeka, na hilo ni jema, lakini shughuli zake za kila siku hazijabadilika sana, na hilo ndilo tulilokuwa tunalipima.

Ndiyo maana hatushauri kuzidisha namba za kila siku kwa kizidishi kimoja cha marekebisho. Shauri letu ni kutafuta mahali pa kuvalia na kifaa chenye kosa dogo kwa mtu huyo, kwa kasi zake zote, kisha kulipima kosa hilo tena hali yake inapobadilika.

Mahali pa kuvaa

Kifundo cha mguu ndipo panapofaa zaidi kwa mwendo wa taratibu. Hata nyonga ikitulia tuli, mguu lazima uinuke, uende mbele na utue, na mtikisiko wake ni mkubwa. StepWatch, kinachotumika katika tafiti, huvaliwa hapo; huhesabu mguu mmoja na namba huzidishwa mara mbili. Baadhi ya vifaa vidogo vya kawaida vilivyotengenezwa kwa ajili ya kiunoni vimeonekana kupunguza makosa sana vilipohamishiwa kwenye kifundo cha mguu cha wazee wanaotembea pole pole. Si vyote, kwa hiyo ukihamisha, jaribu upya. Kuwa mwangalifu na miguu iliyovimba: mkanda uingize vidole viwili bila kulazimisha, na uvuliwe usiku. Uvimbe mpya wa miguu kwa mgonjwa wa mapafu ni habari ya kupeleka hospitali, usiutatue kwa kulegeza mkanda.

Kiunoni panafaa kwa anayetembea kilomita 3 kwa saa au zaidi. Kifaa kikae juu ya nyonga, kwenye mstari unaoshuka katikati ya paja, kikiwa wima. Kile cha springi kikilala hata kidogo hakihesabu. Mgonjwa aliyetumia prednisolone, dawa ya jamii ya steroidi, kwa muda mrefu mara nyingi ana kitambi kinachoinamisha mkanda. Mhamishie kifaa ubavuni au mpe kisicho cha springi. Kwa mama anayevaa dera au kanga isiyo na mkanda, tumia utepe wa elastiki wa upana wa sentimita 3 au 4 uliofungwa ndani ya nguo. Kukichomeka kibindoni hakutoshi, kinaning'inia na kujipigia hatua zake chenyewe.

Mkononi ndipo panapopendwa kwa sababu hakisahauliki. Mvalishe mkono usiotumika sana kwa kazi, na katika mipangilio useme ni upi. Kwenye Fitbit, ukichagua kwamba kimevaliwa mkono unaotumika zaidi, kifaa hupunguza wepesi wa kuhesabu. Mgonjwa anayesukuma kigari asivae mkononi kabisa.

Simu? Simu huhesabu ikiwa mwilini tu, na mgonjwa wa mapafu akitembea ndani ya nyumba simu iko mezani. Itumie kwa matembezi maalumu, usiitumie kwa hesabu ya siku nzima.

Vya kuandaa

Njia iliyonyooka na tambarare ya mita 20, ikipatikana ya mita 30 ni bora. Korido ya kituo cha afya au kivuli cha ua vinafaa; weka alama mwanzo na mwisho kwa chaki au mawe. Kiti kila mwisho. Kaunta ya kubonyeza, ile ya makondakta na wahesabu magunia. Usipokuwa nayo, rekodi miguu kwa video ya simu, kuanzia magotini kwenda chini, halafu hesabu ukiwa umetulia. Sisi huona video ni bora hata kuliko kaunta, kwa sababu unaweza kurudia. Saa ya kuhesabu sekunde. Karatasi. Oksimita ya kidoleni, ile inayopima oksijeni kwenye damu, kama ipo. Pampu ya mgonjwa ya kuvuta dawa iwe mkononi mwake, isiwe chumbani.

Vifaa vyenyewe viwe na chaji au betri mpya. Ukiwa na uwezo mvalishe viwili au vitatu kwa pamoja, kimoja mkononi, kimoja kiunoni, kimoja mguuni. Jaribio moja litakujibu maswali matatu.

Usalama kwanza, kwa ufupi

Usifanye jaribio siku ambayo makohozi yamebadilika rangi au kuongezeka, ana homa, ana maumivu ya kifua, au pumzi ni fupi kuliko kawaida yake akiwa amekaa. Anayetumia oksijeni aitumie kwa kiwango kile kile alichoandikiwa. Muulize pumzi kwa kipimo cha 0 hadi 10 cha Borg: 0 hakuna shida kabisa, 10 ni mwisho wa uwezo. Ikifika 4 apumzike. Oksimita ikishuka chini ya 88% asimame na akae. Kumbuka kwamba oksimita huweza kuonyesha namba ya juu kuliko ukweli kwenye ngozi nyeusi, na piko au rangi ya kucha huweza kuivuruga. Basi namba nzuri isikuzuie kumsimamisha mtu ambaye sura yake inakuambia amechoka. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au midomo na ulimi kuwa na rangi ya bluu ni kusitisha jaribio lote na kutafuta msaada wa haraka.

Jaribio lenyewe

1. Akae dakika 10. Andika namba iliyopo kwenye kila kifaa. Soma wewe, bila kumwinulia mkono kwa haraka. Kuinua na kushusha mkono kwaweza kuongeza hatua.

2. Mweleze kwa maneno ya kawaida: "Mama, tembea kama unakwenda dukani. Usikimbie, wala usinionyeshe." Mtu akijua anapimwa huongeza mwendo, na hapo utakipima kifaa kwa kasi ambayo nyumbani haipo.

3. Atembee kwa mwendo wake wa kawaida hadi zifike hatua 100 hivi. Si lazima ziwe 100 kamili, lakini hesabu yako iwe kamili. Wewe fuata nyuma yake kidogo. Ukitembea ubavuni au mbele, wewe ndiwe utakayeamua kasi. Pima pia sekunde za mita 20 za kwanza.

4. Asimame tuli. Subiri dakika 1 au 2 kabla ya kusoma, kwani vifaa vingi huandika kwa mafungu na programu ya simu huchelewa zaidi. Andika namba mpya, toa ya zamani.

5. Apumzike hadi pumzi irudi ilivyokuwa. Rudia mara mbili, jumla mizunguko mitatu.

6. Mizunguko mitatu mingine kwa mwendo wa taratibu, ule wa asubuhi akitoka kitandani. Watu huacha kipande hiki kwa kuona kinachosha. Ni hapa vifaa huanguka.

7. Mzunguko wa vituo: hatua 6, asimame sekunde 10, hatua 6, asimame, hadi afikishe 60. Huu ndio mwendo wa ndani ya nyumba, na ndio unaofichua ile subira ya kifaa.

8. Mzunguko mmoja akiwa na anachokishika kila siku: fimbo, kigari, mtungi, ndoo isiyojaa.

9. Mwisho akae dakika 5 akifanya kazi yake ya mikono. Kama ni mpishi, mpe mwiko na sufuria, au mbuzi na nusu ya nazi. Namba yoyote itakayoongezeka ni hatua za uongo.

Kwa mgonjwa dhaifu gawanya jaribio siku mbili. Hakuna haraka.

Kasi unaipata kwa kugawa 72 kwa sekunde za mita 20. Sekunde 18 ni kilomita 4 kwa saa, 24 ni kilomita 3, 30 ni kilomita 2.4, na 36 ni kilomita 2. Ukiona zaidi ya 24 tayari unajua kwamba kifaa cha kiunoni kitapata shida.

Kuna jaribio maarufu la hatua 20: tembea 20, kifaa kikisema kati ya 19 na 21 kimepita. Kwa mtu mzima mwenye afya linatosha. Kwa mgonjwa wetu ni fupi mno. Hatua nne zilizoliwa mwanzoni na subira ya kifaa ni 20% ya jaribio zima, na huwezi kujua kama kosa ni la mwanzo tu au la njia nzima.

Kupiga hesabu

Toa hatua ulizohesabu kutoka kwenye hatua za kifaa, gawa kwa ulizohesabu, zidisha kwa 100. Alama ya kutoa inamaanisha kimeacha hatua, ya kujumlisha inamaanisha kimeongeza.

Tuseme katika mizunguko mitatu ya mwendo wa kawaida umehesabu 104, 98 na 101. Kifaa cha kiunoni kimesema 97, 93 na 95. Makosa ni -6.7%, -5.1% na -5.9%. Saa ya mkononi imesema 81, 60 na 88, yaani -22.1%, -38.8% na -12.9%. Wastani wa kiunoni ni karibu 6% na wa mkononi karibu 25%. Lakini angalia zaidi ya wastani. Kiunoni kosa limekaa mahali pamoja, kati ya 5 na 7. Mkononi linaruka kutoka 13 hadi 39 kwa mtu yule yule, mwendo ule ule, dakika chache tu baadaye. Kifaa cha kwanza unaweza kukifuata wiki kwa wiki. Cha pili kitakupa mabadiliko ambayo hayapo.

Unapotafuta wastani, ondoa alama za kujumlisha na kutoa kwanza. Mzunguko mmoja wa -20% na mwingine wa +20% ukizijumlisha zinatoa sifuri, na kifaa kibovu kitaonekana malaika. Hili hutokea pia katika siku nzima: hatua zilizoachwa asubuhi hufidiwa na ugali wa jioni, jumla inafanana na ukweli, na kila mtu anaridhika bila sababu.

Vipimo vya kulinganisha: kiwango cha Japani cha vihesabu hatua kinaruhusu kukosea hatua 3 kwa kila 100. Watafiti wengi hukubali 5% kwenye maabara na 10% kwenye maisha ya kawaida. Kwa kazi ya kliniki sisi tunagawa hivi: chini ya 10% kwa kasi zote mbili, kitumie; kati ya 10 na 20 na kosa limetulia, kitumie kufuatilia mwelekeo tu, bila kumlinganisha mgonjwa na mwingine; zaidi ya 20%, au kosa linaloruka ruka, hamisha mahali pa kuvaa au badilisha kifaa.

Kikikosea sana, fanya nini

Kikiacha hatua kwa mwendo wa taratibu peke yake: hamishia kifundo cha mguu, jaribu upya. Mara nyingi hapo ndipo tatizo huisha.

Kikiacha kwenye mzunguko wa vituo tu: mipangilio haitasaidia, ni tabia ya programu yake. Kiandikie kwamba hakioni matembezi ya ndani, na usikitumie kuamua kwamba mgonjwa "hatoki kitandani".

Kikiacha akiwa na kigari: kitoe mkononi.

Kikiongeza akiwa amekaa: kabla ya kukibadilisha, jaribu mkono wa pili. Ikishindikana, avue wakati wa kupika na kufua, akivae akimaliza. Hii ina gharama yake, kwani watu husahau kukivaa tena. Mwekee msumari wa kukitundika karibu na mlango wa jiko.

Kikiwa na makosa yasiyo na mpangilio wowote: badilisha betri kwanza, kaza mkanda, kisha hakikisha urefu ulioandikwa kwenye programu ni wake. Urefu hubadilisha kilomita zinazoonyeshwa zaidi kuliko hatua, na hapo kuna ushauri mmoja wa haraka: usisome kilomita wala kalori kabisa. Zote mbili zinakokotolewa kutoka kwenye hatua zenye makosa, kwa kukisia urefu wa hatua ya mtu mwenye afya.

Wiki ya kwanza ya kuvaa

Avae siku 7, tangu kuamka hadi kulala, isipokuwa akioga. Siku ya kwanza usiihesabu, kwa sababu kitu kipya mwilini humfanya mtu atembee zaidi. Siku inayofaa ni yenye angalau saa 8 za kuvaliwa, na unahitaji angalau siku 4 za namna hiyo ili wastani uwe na maana. Chini ya hapo, rudia wiki.

Karatasi ya kumbukumbu iwe na safu hizi tu: tarehe, saa aliyovaa, saa aliyovua, hatua, na nafasi ya neno moja. Neno hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. "Mvua." "Kliniki." "Gulio." "Msiba." "Bodaboda." Siku ya msibani mama anaweza kukaa chini kutwa nzima, na siku ya gulio akatembea mara tatu ya kawaida. Usilinganishe wiki ya masika na wiki ya kiangazi, wala wiki ya Ramadhani na wiki nyingine, halafu ukasema dawa imefanya kazi.

Wajukuu nao wawekwe mbali. Kifaa kikishapata mtoto wa miaka mitano, mgonjwa anafika hatua 9,000 kabla ya chakula cha mchana.

Kuzisoma namba na kuweka lengo

Wastani wa siku zinazofaa ndio mwanzo wake. Chini ya hatua 5,000 kwa siku huhesabiwa kuwa maisha ya kukaa kwa watu wazima kwa ujumla, na wagonjwa wengi wa COPD wako huko. Usimtishe kwa hilo. Lengo litoke kwenye namba yake mwenyewe. Aliyeanza na 2,100 aende 2,300 au 2,400 kwa wiki mbili, na hizo 200 au 300 zigawanywe: mzunguko mmoja wa ua asubuhi, mmoja alasiri, na kupumzika kati. Akifika kwa siku nyingi za wiki bila Borg kupita 4, ongeza tena kiasi hicho hicho. Asipofika kwa wiki mbili, rudi nyuma badala ya kumkemea.

Mabadiliko yaliyo madogo kuliko kosa la kifaa si mabadiliko. Kifaa kinachokosea 10% kwa mtu wa hatua 2,500 kina utata wa hatua 250. Kupanda kutoka 2,500 hadi 2,650 hakukuambii kitu, furaha yake isiwe kubwa wala huzuni. Hatua zikishuka ghafla kwa siku mbili au tatu bila sababu kwenye ile safu ya neno moja, mpigie simu. Muulize pumzi, makohozi, usingizi. Na kinyume chake, mgonjwa anayesema amezidiwa amezidiwa, hata kama saa inaonyesha hatua zake za kawaida.

Kurudia jaribio

Rudia hatua ya 3 hadi ya 6 kila baada ya miezi mitatu. Rudia pia baada ya kulazwa, akianza au kuacha oksijeni, akianza kutumia fimbo au kigari, akimaliza mazoezi ya mapafu, na akibadilisha kifaa hata kikiwa cha kampuni ile ile. Programu ya kifaa ikijisasisha yenyewe, kanuni ya kuhesabu yaweza kubadilika bila taarifa. Mgonjwa aliyeruka hatua 600 usiku mmoja huenda hajafanya chochote tofauti, ni simu yake iliyopata sasisho.

Kwa yule anayemaliza mazoezi ya mapafu, fanya jaribio mara mbili, kabla na baada, kwa kifaa kile kile na mahali pale pale. Kama kabla kilikuwa kinakamata 72% na sasa 91%, gawa wastani wa wiki ya mwanzo kwa 0.72 na wa wiki ya mwisho kwa 0.91, kisha linganisha majibu hayo mawili. Ni makadirio, kwa sababu siku nzima ina kasi nyingi, lakini yako karibu na ukweli kuliko skrini. Kwenye faili andika namba zote nne, yaani wastani wa wiki zote mbili na asilimia zote mbili, pamoja na jina la kifaa na mahali kilipovaliwa. Bila hayo, atakayemwona mwakani hataweza kulinganisha.